Vinavyofaa Vijana

Juzi mjukuu wangu, ambaye naye ni mkutubi, aliniuliza kama katuni za Kijapani zilizochorwa kwa ajili ya watu wazima zinafaa kuwekwa kwenye orodha ya vitabu ambavyo maktaba inawapendekezea vijana. Alitaka ndiyo au hapana. Nikamwambia kwanza anitajie nani amezisoma mpaka mwisho kabla ya kuzipendekeza. Akacheka. Mimi sikucheka, maana kilinipanda kinyaa kilekile cha Tabora, nilipokuwa karani wa maktaba miaka ile ya vijiji vya ujamaa na elimu ya watu wazima.

Mkuu wetu alikuwa msafi wa nguo na mvivu wa macho. Vitabu alivijua kwa majalada. Alikuwa na kanuni yake: chenye picha ni cha mtoto, chenye maandishi matupu ni cha mkubwa. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hata wazee waliokuwa wakijifunza kusoma jioni walianzia kwenye picha, na kila aliyefuzu aliona fahari kuachana nazo.

Basi treni ya Dar es Salaam ilipotushushia bunda la magazeti ya hadithi za kuchorwa, mkuu alikata kamba, akaona picha, akayapanga kwenye rafu ya mninga karibu na dirisha. Juu yake akabandika kibao alichokiandika kwa mkono wake: VINAVYOFAA VIJANA. Mengine tuliyafunga kwenye masanduku ya kwenda Bukene, Tura na Kaliua, ili na huko vijana wafaidi. Nilichukua gazeti moja nikalisome wakati wa chai. Chai sikuimaliza.

Mume amelewa, anamburuta mkewe kwa nywele toka sebuleni mpaka uani. Mchoraji alikuwa hodari, na ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe, maana hata jino lililong'oka alilichora likang'aa. Gauni la mke limechanika pale hasa ambapo mchoraji alipenda lichanike. Ukurasa wa mwisho mke amepiga magoti, uso umevimba, anatabasamu na kuomba radhi. Hadithi imekwisha, ndoa imepona! Nikafungua la pili na la tatu. Ni yaleyale.

Mimi sina ugomvi na picha. Hata hadithi ya mume katili sina ugomvi nayo. Mtu mzima akitaka kuisoma, aisome, ana akili zake. Ugomvi wangu ni na kile kibao. Nyumba ya umma, iliyojengwa kwa jasho la wakulima wa tumbaku, inamwita mtoto na kumwambia: hiki tumekuchagulia, kinakufaa.

Nikamwendea mkuu. "Ndugu, yale magazeti si ya watoto."

"Dada, tazama viti vilivyojaa," akasema. "Mwezi jana wasomaji wetu walikuwa nzi."

"Umeyasoma lakini?"

"Yana picha," akanijibu, akarudi kwenye hotuba yake ya mkutano.

Viti kweli vilijaa. Miongoni mwa waliokuja alikuwemo binti wa kidato cha pili, mtoto wa fundi cherehani mmoja mwenye jina mjini. Baba yake hakumruhusu kwenda popote baada ya shule isipokuwa maktaba, kwa kuwa maktaba ni ya serikali. Ile kadi ya kuazima vitabu ndiyo ilikuwa ruhusa yake ya kuvuka kizingiti. Alisoma kila kitu: kilimo cha karanga, magonjwa ya ng'ombe, ramani za nchi za mbali.

Haukupita muda nikaanza kuona magazeti yanapungua kurasa. Siku zote ulikosekana ule wa mwisho. Jumamosi moja nikamkuta yule binti anauchana taratibu kwa kucha, bila sauti. Nikainama karibu naye nikamuuliza kulikoni.

"Dada, ukurasa huu ni uongo," akaninong'oneza. "Kwetu mama hatabasamu. Anageukia ukutani, hasemi na mtu. Wenzangu wakiusoma wataamini."

Katika jengo lile lote, huyo ndiye aliyekuwa amesoma. Nilinyoosha mkono nimpokee ile karatasi niifiche, lakini mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu, na macho yake mavivu siku hiyo yaliona. Akamtuma mhudumu amwite baba.

Fundi alifika na tepu yake ya kupimia ingali shingoni.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, binti."

Mkuu akaeleza kwa kirefu kwamba kuharibu mali ya umma ni kuwahujumu wananchi. Fundi akaliomba gazeti lenyewe. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Pale mke anapoburutwa akakawia kidogo. Niliutazama uso wake nikitafuta haya, sikuiona.

"Inaishaje?" akauliza.

Mkuu akanigeukia mimi. Hakujua! Kitu alichowapendekezea watoto wa mkoa mzima, hakujua kinaishaje.

"Mke aliyepigwa ndiye anayeomba radhi," nikasema. "Mzee, hii si hadithi ya kumpa mtoto."

"Mbona ina mafunzo," akasema fundi.

"Ndiyo maana tukaipendekeza," akadakia mkuu, uso umemkunjuka.

Kisha akaichukua kadi ya binti, akaifungia kwenye mtoto wa meza. Asikanyage tena maktaba, akasema. Baba akaitikia kwamba ni haki kabisa. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea kwenye sketi ya shule.

"Naomba mniazime hili," fundi akasema akiwa amekwisha simama. "Mama yake naye siku hizi anajua kusoma."

Mkuu alifurahi mno kusikia matunda ya elimu ya watu wazima. Akanisogezea muhuri. Nikamrudishia, nikamwambia agonge mwenyewe. Akagonga. Halafu akakumbuka kuwa ukurasa mmoja haupo, akamtaka radhi mzee kwa kasoro hiyo.

"Usijali," akasema fundi, gazeti likiwa kwapani na mkono wa bintiye mkononi. "Huo nitamweleza mwenyewe."