Kiganja juu ya Saruji

Kila alipofukia majani, Bibi Kunigunda alirudi shambani siku ya tatu. Alipiga magoti kwenye tuta la ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, akatia mkono udongoni hadi kiwikoni, akatulia asikie joto. Majani yakiwa ya moto, alisema shamba linakula. Yakiwa baridi, aliyafukua akayafukia upya. Huku kwetu Matiri wanaume hufyeka majani na kuyapanga. Kuyafukia ni kazi ya wanawake, na katika kazi hiyo hakuna aliyeaminiwa kuliko yeye.

Ndiyo maana mwaka 2012, watu wa mradi wa umeme walipoitisha mkutano, wanawake walimtazama yeye kwanza. Mtaalamu wao, kijana mpole aitwaye Joakim, alieleza kwamba makaa ya mawe ya Ngaka yatachomwa kuzalisha umeme, na hewa ukaa ya moshi wake haitaachwa ipae. Itakamatwa na kushindiliwa chini kabisa, ndani ya mwamba. Waliomba kuchimba shimo la majaribio na kuingiza hewa kidogo, waone kama mwamba utaishika. Mahali palipofaa ni shambani kwa Bibi Kunigunda, juu ya kijito tunachochota maji sote.

Alisimama akasema kufukia si jambo geni kwetu. Kinachofukiwa vizuri huoza, kikawa chakula cha udongo. Mzee Tadei akadakia kwamba basi mbolea ya duka tuiage, mwakani tutapanda maharage kwenye moshi. Watu walicheka, mikono ikanyooshwa kukubali. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Mimi ni mwalimu. Nilijua hewa ile haiozi. Niliona haya kumsahihisha mbele ya watu, nikanyamaza.

Shimo lilichimbwa, hewa ikaingizwa, mdomo ukazibwa kwa saruji. Siku ya tatu alikwenda, akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa baridi. Alimuuliza Joakim hewa itaoza baada ya mvua ngapi.

"Haiozi, mama. Inatakiwa ikae humo humo. Miaka elfu, hata zaidi."

"Na nani atakuja kuitazama?"

"Kampuni, mama."

Alimuuliza tena wako wapi wale wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuja ushirika ulipokufa, maana nao walisema wamekuja kukaa.

Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake kwamba amewaongoza vibaya. Baadhi walimwambia amezeeka. Alikwenda ofisi ya kijiji kuomba jina lake lifutwe kwenye karatasi za kukubali. Mtendaji akasema zimeshakwenda wilayani Mbinga. Mwaka uliofuata kampuni iliondoka bila kuaga. Umeme haukuja, na hewa ilibaki chini.

Tangu hapo, kila asubuhi aligusa saruji, kisha akashuka kijitoni na kunywa maji kabla ya mtu yeyote kuchota, aone kama hewa haijavujia humo. Alinywa, akakaa kidogo juu ya jiwe, ndipo akawaruhusu wenzake. Walimtania kwamba amejipa cheo cha kuonja. Hakucheka nao. Alifanya hivyo miaka sita, mpaka miguu ikakataa.

Jioni moja nilikwenda kumwona, nikampa shikamoo, nikamwambia nisichowahi kumwambia: kwamba siku ile ya mkutano nilijua hewa ile haiozi. Aliuchukua mkono wangu, akaugeuza, akapapasa kiganja kama alivyokuwa akipapasa udongo.

"Basi kesho uwahi kijitoni," alisema. "Wanachota mapema."