Pikapu Nyekundu Ilivyonifunga Macho

Kule Uvira, kabla ya vita kutufukuza, mi nilikuwa shofere. Basi pasta wetu hapa kambini Dzaleka, Malawi, aliposema anatafuta shofere wa safari za Lilongwe, nilijisifu mpaka batu bakachoka. Akataka kuniona kazini: pikapu yake nyeupe ishindane na nyekundu ya mnunuzi wa tumbaku wa Mponela, tuone pikapu gani ya dizeli inachomoka haraka.

Nyekundu ilijaribiwa kwanza, peke yake. Ilinguruma chini-chini, kisha ikaruka kama imetupwa. Vumbi lenyewe lilichelewa kuinuka. Nilibaki mdomo wazi. Sijawahi kuona chuma nzito ikiondoka vile.

Iliporudi tukapangwa sambamba. Pasta alikuwa ameshawasha yake ipate moto. Nikapanda, macho yangu yote kwenye ile nyekundu, nikainua mkono: niko tayari.

Kitambaa cha kuanzisha mbio kikashushwa. Nyekundu ikatoweka. Mi nikanyoosha mikono, nikashika hewa. Kwetu Kongo usukani iko kushoto. Malawi iko kuume.

Mama Pasta akainama dirishani, akasema pole pole, "Papa Shofere, hapo njo nakaaga mimi."