Jogoo wa Siku ya Matokeo

Jirani yangu anababua kuku juu ya jiko la makaa, na harufu ya manyoya yanayoungua imeingia hadi chumbani. Nimeacha kazi niliyokuwa nikiifanya.

Harufu hiyo imenirudisha kwenye asubuhi ya matokeo yangu. Asubuhi ile Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya, alimchinja jogoo wake wa pekee kabla sijaondoka kwenda shuleni kusikiliza matokeo ya darasa la nane. Kila mtu nyumbani alijua ningeitwa shule ya bweni ya wasichana kule Asumbi. Mwalimu mkuu alisoma majina akianza na aliyeongoza. Langu lilichelewa sana, na lilipofika, alama zangu hazikutosha.

Nilirudi polepole, nikaketi nyuma ya nyumba ya kupikia, mgongo ukiegemea ukuta wa udongo wenye joto. Ndani sufuria ilikuwa ikitokota. Nilitamani jogoo yule awe hai bado.

Dani alinikuta pale, mikono yake ikinuka kitunguu. Akanitazama usoni, wala hakuuliza alama.

"Nyathina, mtoto wangu, inuka. Chakula kinapoa."

"Dani, nimeanguka. Kuleni tu nyinyi."

"Kwani huyu jogoo nilimchinjia mtihani? Nilikuchinjia wewe. Ingia ndani."

Niliingia, nikaketi mkekani nikiwa nimeinamisha kichwa. Babu alichukua firigisi, ambayo kwetu huliwa na wanaume peke yao, akaiweka kwenye sahani yangu, kisha akaendelea kumega ugali wake.