Mluzi wa Baba na Magadi Mkononi

Namshukuru baba yangu kwa mambo mengi, ila la kwanza ni kwamba hakuitumbukiza kompyuta yangu kwenye shimo la choo. Haki ya kufanya hivyo alikuwa nayo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Tumati baada ya miaka mingi ya kufundisha mjini. Mama alishatutoka, goti la baba lilikuwa limeharibika, na mimi sikuwa na mume wa kuniuliza nakwenda wapi. Nikachukua chumba kilichokuwa cha kuhifadhia mahindi, nikaweka meza, kinanda kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na spika mbili. Nikimaliza kazi za shamba nilikuwa natunga muziki, jazi ya taratibu, yenye ukungu ukungu kama asubuhi za kwetu mwezi wa sita. Vyombo vyote vimo ndani ya kompyuta. Watu wa mbali walishapiga besi, piano na saksafoni noti moja moja wakarekodi, mimi nabonyeza tu na sauti inatoka. Jirani yetu, mama mmoja ambaye habari za watu hazimpiti, aliwahi kumuuliza baba kama binti yake ana wageni, maana anasikia bendi nzima humo ndani. Baba akamjibu kwamba wageni hao angalau hawali ugali.

Iliyonitoa jasho ni saksafoni. Niliijaribu kila namna, ikawa inalia kama mtu mwenye mafua. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kompyuta nilishaifunga kwa kishindo zaidi ya mara moja. Ndipo jioni moja nikamsikia baba akiita ng'ombe.

Kwetu majirani wanachunga kwa zamu. Ng'ombe wa nyumba kadhaa wanapelekwa mlimani pamoja, na jioni kila mtu anasimama kwake anaita wa kwake. Baba anapiga mluzi: noti tatu zinapanda, anatulia kidogo, halafu moja ya chini, ndefu. Ng'ombe wake watano wanajitenga na kundi wenyewe, jike kongwe mwenye kengele mbele, wanashuka hadi langoni. Pale baba anawalambisha magadi kwenye kiganja, mmoja mmoja. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza yale magadi ni ya nini.

Nikamrekodi kwa simu bila kumwambia. Nikaukata ule mluzi, nikaupanga kwenye kinanda, nikauweka mahali pa saksafoni. Jamani, ulikaa! Nilicheka peke yangu. Kwa kuwa besi haisikiki vizuri kwenye hedifoni, nikafungulia spika, dirisha wazi, saa saba mchana.

Siku ya kwanza ng'ombe walishuka mbio wakapita katikati ya maharage ya yule mama jirani. Baba, aliyekwisha kuzoea kelele za chumba changu, akadhani wameumwa na nzi. Siku ya pili wakaja tena, wakasimama langoni wamenyoosha shingo, wakarudishwa mlimani kwa fimbo. Siku ya tatu walifika nusu ya njia wakageuka wenyewe. Mimi, na ualimu wangu wote, nilimsikia mama jirani akigomba huko nje nikaongeza sauti.

Siku ya nne, jioni, baba akasimama na magadi yake akapiga mluzi. Hawakuja. Akapiga tena. Jike mwenye kengele aliinua kichwa, akatazama kwetu, akaendelea kula majani. Baba akaniita nimsaidie kuangalia, labda macho yake yanamdanganya. Hapo hapo nilielewa kwamba ni kazi ya spika zangu.

Kaka yangu, anayeishi Katesh, alikuwa anataka kuwachukua ng'ombe wale, akisema goti la baba haliwezi tena kupanda mlima kuwafuata. Walikuwa wamekubaliana kitu kimoja: maadamu wanakuja wenyewe wakiitwa, wanabaki, siku wakikataa, kaka analeta lori. Na baba asiye na ng'ombe sijawahi kumwona maishani mwangu, wala sikutaka kumwona.

Nilimweleza yote. Nilitegemea anifokee, na asingefoka peke yake, nami ningefoka. Hakufoka.

"Umewaita mara tatu, na mkononi huna kitu," alisema. "Sasa mimi ndiye wanayeniona mwongo."

Nilikwenda kulala bila kula. Kesho yake spika nilizifungia kabatini, na jioni nikapanda mlimani na magadi mfukoni. Nikasimama ubavuni mwa yule jike. Baba akipiga mluzi kule chini, nampa magadi hapo hapo, namtangulia hatua chache, nampa tena. Siku iliyofuata nikasimama chini kidogo. Nilinyeshewa mvua, nilikanyagwa mpaka ukucha ukang'oka, na mama jirani akapata cha kusimulia msimu mzima. Lakini kila siku nilikuwa nasimama karibu zaidi na nyumbani.

Kaka alikuja Jumapili moja bila taarifa. Jioni ilipofika baba alinikataza kupanda. Tukasimama langoni watatu, akapiga mluzi wake, na mimi nikawa nakitazama kidole changu kisicho na ukucha kwa sababu mlima sikuweza kuutazama. Nilisikia kengele kabla sijainua macho. Walikuja wote watano, wakalamba kiganja cha baba mmoja mmoja. Kaka akanywa chai, akaondoka bila kutaja lori.

Wiki hiyo baba akaingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza, akataka kusikia hicho kitu kilichotusumbua. Nikamvisha hedifoni juu ya kofia yake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mluzi wake ukipita juu ya piano na besi, halafu akanigeukia.

"Huyu ameita. Mbona hawaji?"

Jioni hiyo nikarekodi kengele ya yule jike, toka mlimani hadi langoni, na kwato zao kwenye changarawe. Nikaviweka nyuma ya ile noti ya chini, kwanza kwa mbali, kisha karibu, kisha karibu kabisa. Saksafoni nikaifuta kabisa kwenye kompyuta, sijaihitaji tena tangu siku hiyo.

Nikamwita baba asikilize upya. Mluzi ulipolia alifumba macho. Najua kengele ilipoingia, kwa sababu aliukunjua mkono wake wa kulia, akauweka gotini, kiganja juu, na hakuuondoa mpaka wimbo ulipokwisha.

"Wamefika," akasema.

Nikamwambia asante, baba. Alikuwa bado na hedifoni masikioni, hakunisikia.