Sista, Haraka na Mheshimiwa

Sisi tuliokulia Soweto West, kule Kibra, kabla kila mtoto hajawa na simu yake, tulicheza kila kitu. Tulicheza kati kwa mpira wa pakiti za maziwa, tukacheza bano za gololi mpaka vidole vikaota sugu, tukajificha brikicho kwenye vichochoro ambavyo mtu mzima alipita kwa ubavu. Nikiwaeleza vijana wa leo, wananitazama kwa huruma kana kwamba nimewaambia tulilala njaa. Njaa ilikuwako, sikatai, lakini nafasi ya kuboeka hatukuwa nayo. Na katika michezo yote hiyo, hakuna uliotushika roho kama ule wa kwa Odhis.

Odhis alikuwa kijana mpole mwenye kibanda cha mabati, TV ya mgongo mkubwa, mashini moja ya gemu na benchi moja refu. Mlango wa pili mama mmoja alikaanga dagaa wa omena kutwa, na mpaka leo nikipata harufu ya omena vidole gumba vyangu huanza kuchezacheza. Mashini ilikuwa nzee. Ikikataa kusoma diski tuliigeuza juu chini, ikasoma. Diski yenyewe tuliisugua kwa dawa ya meno, na aliyeleta dawa ya meno kutoka kwao alipewa nafasi ya mbele kwenye benchi kama mgeni wa heshima.

Wengi walipenda kandanda na magari. Mimi na rafiki yangu Wafula tulipenda gemu moja ya vita na safari ndefu. Ndani yake mchezaji alimwendesha shujaa mmoja tu mwenye upanga. Wenzake watatu waliendeshwa na mashini, na hapo ndipo presha zetu zote zilipotoka. Tuliwapa majina. Mganga tulimwita Sista, kama wale manesi wa kliniki: ukikwaruzwa kidogo tu anakumiminia chupa nzima ya dawa, ukija kukutana na adui wa kweli begi limebaki hewa. Mpiga mishale alikuwa Haraka, maana aliwavamia maadui kabla hata hatujawahesabu. Wa tatu, jitu lenye ngao kubwa, tulimwita Mheshimiwa. Wakati wa vita humwoni, lakini wakati wa kusherehekea ushindi yeye ndiye wa kwanza mbele.

Hata hivyo mchezo ulikuwa na dawa yake. Katikati ya vita ungebonyeza kitufe cha pembetatu, ukafungua ukurasa wa amri na kumwambia kila mmoja afanye nini. Shida ni kwamba padi ya Odhis, ile ya kushika mkononi, ilikuwa imemwagikiwa chai, na kitufe cha pembetatu kilikuwa kimekufa kabisa. Basi tukabaki kuwaamrisha kwa mdomo. Benchi zima lilisimama likipiga kelele, "Sista, wacha dawa! Haraka, rudi nyuma, wee!" na mpita njia angedhani kuna watu wanapigana humo ndani. TV haikusikia kitu, nasi tulichapwa kila siku.

Ukurasa ule wa amri ulifunguka pia kabla ya vita, kwa kitufe kingine, lakini tulikuwa tunaupita mbio. Aliyenifungua macho ni mama, ambaye hajawahi kushika padi maishani. Mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu ng'ambo ya Ngong Road. Aliondoka alfajiri, na simu ya pekee ya nyumba aliondoka nayo, kwa hiyo hakuwa na njia ya kutufuata na maagizo. Alitusimamisha mlangoni, mimi, kaka yangu na kitindamimba mgongoni kwangu, akasema mara moja tu. "Mwende, mtoto akilia, kwanza maji. Akizidi, uji. Akizidi tena, mpeleke kwa Mama Achieng, usingoje. Stima ikipotea, mshumaa usiguswe." Kisha akamalizia na msemo wake, "Mtu akitumwa vizuri hafuatwi," akashika njia. Jioni alitukuta wote wazima.

Siku moja, mtoto yuko mgongoni, nikawaza: kwani Sista ana tofauti gani na sisi? Nikakimbia kwa Odhis. Tukaufungua ule ukurasa kabla ya vita, Kiingereza chake tukakifasiri kwa pamoja, na mimi nikawapanga wale watatu mlangoni kama mama. Sista, damu ya mwenzako isiposhuka hadi nusu, usitoe dawa. Haraka, piga yule anayepigwa na mkubwa wako, shujaa, usitafute vita vyako. Mheshimiwa, popote Sista alipo, na wewe uko hapo.

"Sasa umekuwa mathe wao!" Wafula akacheka. Lakini jioni hiyo tulivuka daraja lililotushinda tangu shule zifunguliwe.

Sasa, ile diski haikuwa ya Odhis peke yake. Alikuwa ameinunua pamoja na binamu yake mwenye kibanda Kawangware, na ilikaa wiki moja kwetu, wiki moja kwao. Desemba ilipokaribia wakaanza kuvutana, maana shule zikifungwa vibanda hujaa watoto. Mwishowe wakaamua watoto wenyewe waamue. Kila mtaa utajaribu mara moja kuliangusha zimwi la mwisho, na watakaoliangusha watakaa na diski likizo nzima. Usicheke. Likizo ya Desemba bila ile diski, kwangu mimi, ilikuwa kufua nepi na kuhesabu mabati ya jirani.

Tulienda kwa miguu Jumamosi asubuhi, baada ya mama kutupa maagizo ya kuvuka barabara yaliyotosha safari ya Mombasa. Kibanda cha Kawangware kilinitia wivu. Sakafu ya simiti, feni ukutani, na padi mpya zinazong'aa. Nahodha wao alikuwa Kevo, kijana mwembamba mwenye maringo, aliyetupokea kwa, "Niaje watu wa Kibra, mmebeba kitambaa cha machozi?"

Wakaanza wao. Kevo alikuwa na vidole vya ajabu, hilo lazima niseme. Alikibonyeza kitufe cha pembetatu bila kupumzika: Sista tibu, hapana, Sista piga, Haraka kimbia, Haraka rudi. Maskini wale watu walikuwa wakigeuka njiani kabla ya kumaliza jambo hata moja. Sista alikufa ameshika chupa ambayo haijafunguliwa. Zimwi lilikuwa limebakiza damu kiasi tu lilipowamaliza wote.

Nikakaa mimi. Niliwapanga watatu wangu polepole, watoto wa Kawangware wakipiga miayo ya makusudi, kisha tukaingia. Mambo yalienda sawa mpaka zimwi liliponipiga pigo la kwanza. Nikaogopa. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye pembetatu, na kwenye padi ile mpya kitufe kilikuwa hai! Nikamwita Sista aje kwangu. Akamwacha Haraka katikati ya kutibiwa, na Haraka akaanguka papo hapo.

"Wachana nao, manze!" Wafula akanipigia kelele sikioni. "Si ulishawatuma?"

Nikaondoa kidole. Dakika chache baadaye zimwi likanibamiza ukutani na shujaa wangu akalala chali. Watoto wa Kawangware wakashangilia, ila mapema mno, kwa sababu katika gemu ile shujaa akianguka vita viliendelea maadamu kuna mwenzake aliyesimama. Nikaiweka padi mapajani. Sikuwa na la kufanya tena ila kutazama.

Benchi zima likainamia TV. Sista akasubiri, damu ya Mheshimiwa ikafika nusu, akamtibu. Akasubiri tena. Zimwi likamgeukia yeye, likainua mkono, na Mheshimiwa, yule mvivu wetu aliyezoea kutokea kwenye sherehe tu, akajiingiza katikati na ngao yake, akasukuma, akapiga. Zimwi likaanguka. Wafula aliruka akavunja benchi la watu, na Odhis akamkumbatia binamu yake kwa furaha akisahau kuwa huyo binamu ndiye aliyeshindwa.

Diski ikaja Kibra. Jumatatu asubuhi nilimkuta Kevo amesimama mlangoni kwa Odhis, vumbi mpaka magotini, memori kadi ya kuhifadhia mchezo wake mkononi na maringo kayaacha kwao. "Mwende, hebu nionyeshe vile unawapanganga." Tukamsogezea nafasi. Alikuja hivyo kila siku mpaka shule zikafunguliwa.

Siku hizi naishi Kawangware, na kijana wangu ana gemu nyingi ndani ya simu moja. Kuna kitufe akikibonyeza wapiganaji wake wanapigana wenyewe, yeye anakula chipsi. Ukimuuliza wanaitwaje, hajui. Anacheza na watu wa nchi za mbali ambao hajawahi kuwaona uso, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsukuma kwenye benchi au kumpigia kelele sikioni. Raha yetu ilikuwa na jasho na harufu ya omena, lakini ilikuwa ya watu kumi kwa mara moja, na nafsi yangu inaitamani.

Juzi nilimsimulia kisa hiki chote. Akanisikiliza na sikio moja, la pili limezibwa na muziki.

"Mum, si mngedownload tu? Kila mtu na yake."

"Kila mtu angekuwa na yake," nikamwambia, "Kevo hangekuja Kibra, na wewe hungekuwa hapa ukiniuliza."

Akaondoa kile cha sikioni. Akanitazama, halafu akageukia jikoni, ambako mtu aliyekuwa akichemsha chai alikuwa ameshaanza kucheka.

"Ati Kevo ni Daddy?"