Utomvu wa Mama Kapya

Mama Kapya alitia mkono ndani ya chungu chake, akakikuta kitupu. Utomvu wa mti wa mupafu aliotumiwa kwa treni kutoka kwao Kongolo haukuwamo hata chembe. Na uani mzee Kasonde, jirani yao, alikuwa anangoja kwenye kigoda, kitambaa amekwisha kukifungua. Shaba ya moto ilikuwa imemuunguza mguu kiwandani.

"Donat! Dawa yangu iko wapi?"

Mwanawe, karani, alikuwa chumbani akifunga tai. "Niliitupa mu choo, mama. Bazungu banakuya saa tisa kuangalia nyumba. Bakiona bintu bya kishenzi, karte siipate."

Karte hiyo, kadi ya serikali ya Wabelgiji, walipewa Weusi ambao Wazungu waliona wamestaarabika. Donat alikuwa akiihangaikia tangu mwaka uliopita.

Mu choo! Kifua kilipombana Donat utotoni, ni moshi wa utomvu huo, juu ya makaa, uliomrudishia pumzi. Jipu lilipomtoboka gotini, ni huohuo alioyeyusha na mawese akamfunga. Goti hilo leo lilikuwa ndani ya suruali ya pasi.

"Wende kwa jirani mpaka batoke," Donat alisema.

Hakwenda. Aliketi uani na Kasonde, akimwosha mguu kwa maji ya chumvi, kwa kuwa hakuwa na kingine.

Wazungu wawili walikuja. Walihesabu uma, wakafunua shuka za kitanda, wakanusa choo. Mmoja alichungulia uani akauliza yule mama ni nani.

"Ni mama wa kufua, bwana," Donat alijibu.

Mama Kapya aliinuka, mikono ikichuruzika maji. "Mie njo nilimuzala! Andika ile mu karatasi yako!"

Mzungu alicheka, akaandika. Donat alitazama viatu vyake.

Jioni ileile mama alifunga nguo zake akahamia kwa Kasonde na mkewe. Utomvu mwingine ulichukua wiki tano kufika, na mguu haukungoja: hospitali walikata vidole viwili.

Donat alipata karte yake. Alimtuma mkewe, Constance, na kilo mbili za sukari. Mama Kapya alimkaribisha, akambusu mjukuu aliyebebwa mgongoni, kisha akamrudishia Constance sukari yote.

"Mwambie mume wako aje yeye mwenyewe," alisema, "amuangalie Kasonde vile anatembea."