Faksi ya Mama na Harusi ya Zuhura

Sisi tuliokulia Kigoma kabla simu hazijaingia mifukoni tulizoea kusubiri. Tulisubiri treni, tulisubiri meli, tulisubiri umeme urudi, na jioni tulisubiri migebuka, samaki wa ziwa letu, iive kwenye mawese huku harufu ikitufuata mpaka uwanjani tulikokuwa tukicheza rede. Hakuna aliyeona kusubiri ni adhabu. Mwanangu leo, ujumbe ukichelewa kidogo tu kufika, anaitikisa simu kama chupa ya dawa. Nilipomsimulia habari za faksi alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kumbe ni printa tu iliyokuwa na simu." Ungemwelezaje mtoto huyo kwamba kitu hicho kilikuwa kama ndugu yetu wa tumbo moja?

Mama yangu alikuwa katibu muhtasi. Ofisi yao ilipopunguza watu, alirudi nyumbani Katubuka na mashine ya kuchapa begani, akaiweka mezani, akakaa kuitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Baadaye akapanga chumba kimoja kwenye barabara inayopanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, akaanza kuwachapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Wateja walikuja, lakini wengi waliuliza swali moja: "Mama, faksi hakuna?" Kigoma ni mwisho wa reli. Barua ya posta kwenda Dar ilichukua muda wake, na ya nje ndiyo usiseme. Mama akaamua kununua faksi.

Siku ya kwenda kuichagua alinichukua mimi Vene, binti yake wa kwanza, kwa kuwa baba alikuwa shuleni anafundisha. Nilivaa gauni la kanisani. Dukani zilikuwepo mashine mbili. Moja ilikuwa kubwa, imeshatumika, inatumia karatasi za kawaida na wino. Nyingine ilikuwa ndogo, mpya, rangi ya maziwa, ina mkono wa simu ubavuni na karatasi ndefu iliyoviringishwa tumboni.

"Chukua hii kubwa," mwenye duka alimshauri. "Hiyo ndogo karatasi yake haipendi joto wala jua. Maandishi yanapotea."

"Na hii kubwa wino ukiisha?"

"Unaagiza Dar."

"Na treni isipokuja?"

Mwenye duka alicheka. Mama akazunguka meza, akaishika ile ndogo. "Umeme ukikatika je?"

"Faksi itazima, lakini simu yake itaendelea. Hiyo inakula umeme wa laini ya simu."

Hapo ndipo mama alipoamua. Siku hizo umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya hapa hapa mjini, na ulikuwa unakuja na kuondoka kama mpangaji mkorofi. Tulirudi na ile ndogo, mama ameipakata kwenye teksi, mimi nimeshika boksi la karatasi. Baba alipoiona jioni aliuliza kama haikuwa afadhali ile kubwa. Mama akamwambia akapige chaki yake, mambo ya ofisi amwachie yeye.

Tukaanza kuishi nayo. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, kama kile cha redio. Tukitoka shule tulipitia ofisini, na sheria ilikuwa moja: simu ikilia usipokee, subiri. Kwanza inalia, halafu kinakuja kimlio chembamba, halafu kama paka wawili wanagombana ndani ya debe, halafu kimya, na karatasi inaanza kutoka taratibu ikijikunja. Mama alikuwa akiinua kidole: "Nyamazeni, inaongea." Na sisi tulinyamaza, hata tukiwa na pipi mdomoni.

Nyumbani tulibuni mchezo wetu. Mmoja anajifungia chumbani, mwingine anabaki ukumbini, analia ule mlio wa paka, kisha anasukuma karatasi chini ya mlango. Mdogo wangu Kasiani alikuwa hodari wa mlio. Siku moja baba alikuwa amelala, karatasi ikapita chini ya mlango wake: "Mama anasema ugali unapoa." Baba akalia mlio wa paka kutoka ndani, karatasi ikarudi: "Ujumbe umefika." Tulicheka mpaka tukagaragara.

Vipande vya karatasi ya faksi vilivyoharibika mama alitugawia sisi. Karatasi ile ukiikwaruza kwa ukucha inaacha mstari mweusi, kwa hiyo hatukuhitaji kalamu. Nilichora mitumbwi, kuku, walimu wetu na matumbo yao. Hapo ndipo nilipojua kwamba mkono wangu unaweza kuchora.

Na wateja! Alikuja mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka milimani, akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kwa sauti ya kujaza chumba, akampa mama barua yake itumwe Moshi. Mama akaipitisha kwenye mashine, ikatokea upande wa pili. Mzee akaitazama ile barua, uso ukamshuka. "Wameikataa?" Mama alimweleza kwa upole mpaka akaelewa, wala hakucheka hadi mzee alipovuka barabara.

Sasa nije kwenye harusi.

Bi Mwamini wa Ujiji alikuwa rafiki mkubwa wa mama tangu wakiwa wasichana. Sisi Wakristo, wao Waislamu, na Idi pilau lao lililiwa kwetu kama vile Krismasi maandazi yetu yalivyoliwa kwao. Mume wake, Baba Zuhura, alikuwa ameondoka kwenda Muscat kufanya kazi kwenye ghala la tajiri mmoja. Alipoondoka, Zuhura alikuwa bado anasuka nywele za mwanasesere wa majani. Sasa Zuhura alikuwa amechumbiwa, siku ya ndoa imepangwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na baba yake hakupata ruhusa ya kuja.

Baba mdogo wa Zuhura ndiye angesimama badala yake. Lakini shehe alisema wazi: baba yuko hai, ana akili timamu, kwa hiyo lazima atoe idhini yeye mwenyewe. Ama aandike, ama yeye shehe aisikie kwa masikio yake.

Alhamisi mchana idhini ilikuja kwa faksi. Niliiona ikitoka kwenye mashine ya mama, mwandiko wa Baba Zuhura umeinama kidogo, sahihi yake chini. Bi Mwamini aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Aliikunjua mara ngapi sijui, nayo ilijikunja kila mara, maana karatasi ile ilitoka kwenye kiviringisho. Akaifunga ndani ya khanga, akaenda nayo Ujiji.

Ijumaa tulifika kwao mapema kusaidia. Ua ulijaa wanawake, masufuria ya wali, watoto wanafukuzana, Zuhura ndani anamaliziwa hina. Bibi yake Zuhura, mama mzazi wa Baba Zuhura, alikuwa pembeni na pasi ya mkaa, ananyoosha kanzu za wanaume. Aliiona ile karatasi juu ya kabati, imejikunja kama jani kavu. Akaona aibu kumpelekea shehe neno la mwanawe likiwa limekunjamana hivyo. Akaitandika juu ya kitambaa, akapitisha pasi.

Alipiga ukelele tukakimbilia wote. Karatasi ilikuwa nyeusi tii. Haikubaki hata nukta.

"Nimemuua mwanangu," Bibi alisema. "Nimelichoma neno la mwanangu."

Hakuna aliyemgombeza. Bi Mwamini alikaa chini palepale kwenye vumbi na nguo yake mpya. Ndani, Zuhura alikuwa ameinua mikono ili hina isiguse kitu, machozi yanamtiririka na hawezi kuyafuta. Mimi ndiye niliyemfuta kwa ncha ya khanga yangu.

Mama akauliza, "Anaweza kuituma tena?"

"Leo Ijumaa," Bi Mwamini akajibu. "Kule ofisi zimefungwa."

"Nyumbani kwa tajiri wake kuna simu?"

"Ipo. Anakaa chumba cha nyuma."

"Basi twendeni. Shehe naye aje, na mashahidi."

Mtu akatumwa msikitini. Shehe alikuwa mtu mrefu, mkali kidogo, tuliyekuwa tukimwogopa hata sisi tusiokuwa wanafunzi wake. Alisikiliza, akatazama karatasi nyeusi, akamtazama Bibi, akasema tu, "Gari liko wapi?" Tulipanda pikapu ya muuza dagaa: shehe mbele, nyuma baba mdogo, mashahidi, mama, Bi Mwamini, mimi, na Zuhura mwenyewe aliyekataa katakata kubaki, amefunikwa khanga, mikono juu. Harufu ya dagaa ilitufuata mpaka mjini.

Tulipofungua ofisi, umeme haukuwepo.

Bi Mwamini akaegemea mlango. Mama akatoa kitambaa cha maua, akainua mkono wa simu, akausikiliza. Nilimwona akifumba macho. Kisha akatuonyesha kwa kidole: laini ipo.

Alipiga mara kadhaa kabla haijashika. Huko upande wa pili akapokea mtoto, akaita mtu mzima, mtu mzima akaenda kumwita Baba Zuhura, na sisi tukasubiri tumebanana katika chumba kile, jasho linatutoka, hakuna anayekohoa. Mwisho mama akasema, "Shemeji? Ni Mama Vene wa Kigoma. Nakupa shehe."

Shehe akashika simu. "Assalaam alaykum. Wewe ni nani?" Akasikiliza. "Nani aliyekusomesha juzuu ya kwanza?" Akasikiliza tena, na uso wake ule mkali ukalegea. "Sawa. Ulikuwa mvivu, lakini ni wewe." Mashahidi wakasogeza masikio yao mmoja mmoja, Baba Zuhura akarudia idhini yake kwa kila mmoja, baba mdogo akaipokea. Kazi ya dini ikawa imekwisha.

Lakini shehe hakukata. Alimgeukia Zuhura. "Binti yangu, njoo." Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na hina mbichi, shehe yule mrefu aliinama akamshikia simu sikioni.

Hatukusikia alichoambiwa. Tulisikia majibu yake tu. "Ndiyo, baba. Ndiyo. Nimekuwa mrefu. Namzidi mama. Nguo ni ya kijani. Hina inakolea, baba, ungeiona."

Ndoa ilifungwa alasiri hiyo hiyo, wali ukaliwa, taarabu ikapigwa kwa redio ya betri. Bibi hakula. Kabla Zuhura hajachukuliwa na wakwe, mama aliniita, akanipa karatasi na kalamu. "Mchore mkono wake," akasema. "Hina yote, usiache ua hata moja." Zuhura akaweka kiganja chake juu ya karatasi, nikafuata vidole polepole, kisha nikajaza maua na majani kama yalivyokuwa. Nikimaliza kidole yeye anacheka kwa kutekenywa.

Jumamosi umeme ulirudi, na huko Muscat ofisi zikafunguliwa. Mama akautuma ule mkono. Tukabaki pale, mama, Bi Mwamini, Bibi na mimi, bila kujua tunangoja nini. Simu ikalia, paka wakagombana, karatasi ikaanza kutoka. Kwanza vikaonekana vidole vinene, vya mwanaume. Halafu, ndani ya vile vidole, vidole vyembamba vyenye hina. Baba Zuhura alikuwa ameweka mkono wake juu ya mkono wa mwanawe, akauzungushia kalamu, akaurudisha. Hakuandika kitu.

Mama alitoka nje akasimama barabarani kama anayetafuta teksi. Bi Mwamini alimpelekea Bibi ile karatasi. Bibi akarudi nyuma, akaficha mikono chini ya baibui. "Niwekeeni mbali mimi. Mikono yangu ina moto." Halafu akacheka, na sisi tukacheka naye, tukalia, tukacheka tena. Siku hiyo alikula.

Baba Zuhura alikuja baada ya miaka kadhaa, akawakuta wajukuu. Faksi yetu ilipigwa na radi msimu mmoja wa mvua kubwa, nayo haikupona. Wakati huo hata hivyo wateja walikuwa wameshahamia kwenye kompyuta. Mama bado yupo, hasikii vizuri, na bado anaamini alichagua mashine nzuri kuliko zote. Sibishani naye.

Mwaka jana Zuhura alimwoza binti yake hapo hapo Ujiji. Kaka wa bibi harusi yuko ughaibuni, akaonekana kwenye simu, uso mzima, akicheka, na nyuma yake dirisha lenye theluji. Vijana walimpitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akampungia, kisha maharusi wakaingia, wakasahau. Nilipokwenda kuchota maji ya kunywa niliikuta simu imeegemezwa kwenye jagi, inatazama paa la bati. Nikainama kuizima nisije nikammalizia betri mwenyewe.

"Shangazi, shikamoo," sauti ikatoka. "Usikate. Niache hapo hapo nisikilize."

Nikavuta kiti, nikamgeuzia simu upande wa ngoma, nikakaa naye.